Digrii Thelathini na Tano

Friji ya mafuta ya taa ikizimwa, hupata joto la chumba ilimo. Chumba kikiwa na digrii ishirini na mbili, nayo huwa na ishirini na mbili. Jua likikipasha chumba mpaka ishirini na sita, friji hufuata kwa kuchelewa saa mbili au tatu. Hilo sikufundishwa na mtu. Nililipima mwenyewe katika chumba changu cha kutengenezea friji za zahanati pale Kamembe, upande wa Rwanda wa ziwa Kivu, juma zima, nikaandika kwenye daftari.

Kwa hiyo karatasi zilizotoka kisiwa kimoja cha ziwa hilo zilinisumbua. Zilikuwa tatu, za miezi mitatu, zile ambazo kila zahanati hutundika kando ya friji ya chanjo ili mtu aandike joto asubuhi na jioni. Nilisoma: asubuhi thelathini na tano, jioni thelathini na tano. Siku iliyofuata, vilevile. Siku za mvua na siku za jua, thelathini na tano. Namba ziliandikwa kwa wino wa buluu, kwa mkono mmoja uliotulia, bila kuruka siku.

Barua iliyoambatana nazo ilikuwa ya muganga, tunavyomwita mtabibu huku, wa zahanati ya kisiwani, mwanamke kijana wa Bukavu, ng'ambo ya Kongo, aliyekimbia vita akapata kazi upande wetu. Alikuwa na miezi mitatu tu kisiwani. Aliandika kwamba surua imevuka ziwa pamoja na watu waliokimbia, kwamba watoto wawili wameshazikwa, na kwamba chanjo haiwezi kulala kisiwani kwa sababu friji haina baridi. Kisha akaongeza: “Mafuta hatuna tangu miaka miwili, hata hivyo frigo inalia siku nzima. Labda iko na betri ndani.”

Nilicheka peke yangu. Alikulia mjini, kwenye friji za umeme, na friji ya umeme hulia. Ya mafuta ya taa haina mota. Ina taa ndogo chini, bomba la moshi nyuma, na mabomba yaliyofungwa ambamo dawa huchemka na kuzunguka kimya. Nikafungua daftari langu la mashine, nikaandika sababu mbili: mshale wa kipimajoto umekwama, upepo wa ziwa unavuma ndani ya bomba la moshi. Nikapiga mstari chini yake, nikaridhika.

Lazima nieleze kuhusu daftari langu la pili.

Miaka mitatu kabla ya hapo nilikuwa Bugarama, kwenye zahanati iliyo karibu na mashamba ya mpunga, nikifunga utambi mpya. Nyuki mmoja alinichoma chini ya sikio. Nakumbuka nilimfuta kama mtu anavyofuta jasho. Kisha viganja vikaanza kuwasha, midomo ikawa minene, na pumzi ikawa kama inapita kwenye mrija ambao mtu anaukanyaga. Niliamka sakafuni. Daktari aliyekuwa pale siku hiyo kwa bahati tu alikuwa amepiga magoti juu yangu na sindano mkononi.

“Papa,” aliniambia nilipoweza kusikia, kama watu wa huku wanavyomwita baba, “mwili wako haupatani na nyuki. Wa pili atakuua kabla hujamaliza kulalamika.”

Alinipa kichupa kimoja cha adrenalini na sindano, nikavitia kwenye kikopo cha peremende, na tangu siku hiyo kikopo hicho kilikaa kwenye mfuko wa shati langu. Kupata kingine wakati ule wa vita haikuwa rahisi. Dawa zilikuwa zinakwenda kwa wanaovuja damu. Tena nilianza daftari jipya, la nyuki. Nilisoma kila nilichopata, vijitabu vya Kifaransa hasa, neno kwa neno na kamusi pembeni. Nilijua nyuki hutoka saa ngapi, huchukia harufu gani, huruka umbali gani. La mashine lilikuwa na jalada la kijani, la nyuki jekundu. Sikuwahi kuyafungua yote mawili kwenye meza moja.

Kabla ya kukubali safari nilimwandikia muganga swali moja: kuna anayefuga nyuki kisiwani? Jibu likaja na mtumbwi uliofuata: “Nimewauliza wenyeji. Hakuna mtu anafuga nyuki hapa tena.” Neno la mwisho nililisoma na kulipita.

Aliyekuja kunichukua alikuwa mwanamume wa umri wangu, mwenye mtumbwi wake. Kisiwa sitakitaja, ni kimoja cha vile vidogo vya Kivu, nyuma ya kisiwa cha Nkombo, na mwenye kukijua atakijua. Askari pwani walisoma karatasi yangu, wakafungua sanduku langu, wakalifunga. Tulipoacha ukingo, yule mwanamume aliliangalia sanduku muda mrefu.

“Papa, hii sanduku yote ni ya kutengeneza frigo moja?”

“Ni vifaa.”

“Njo vile,” aliitikia, yaani ndivyo. “Muganga asiyejua ugonjwa anabeba dawa yote.”

Nilimwuliza ni nani aliyekuwa akiiwasha friji ile zamani.

“Kaka yangu.”

“Na sasa?”

Alielekeza kidevu upande wa milima ya Bukavu. “Alivuka. Banaume tisa, mu boti moja. Balipeleka samaki ya sambaza sokoni. Ile juma vita ya pili ilianza.”

“Watarudi lini?”

“Papa, shika mbao vizuri,” alisema. “Hapa maji iko na mawimbi.”

Maji yalikuwa yametulia kama sahani. Kutoka ng'ambo ukaja mlio mzito, mara moja, kisha mara ya pili, kama mtu anayekung'uta mkeka. Mwenye mtumbwi hakugeuza kichwa. Alipiga kasia kwa mwendo uleule mpaka tukafika.

Njia ya kupanda kwenye zahanati ilipita katikati ya nyumba. Nina tabia ya kuhesabu, na niliona jambo nikalihesabu. Kwenye baadhi ya nyua kulikuwa na kiti kimoja cha mwanamume mbele ya mlango, kimeelekezwa ziwani, kitupu. Kasia limeegemezwa ukutani. Jembe kando ya mlango. Kwenye ua mmoja shati lilikuwa kwenye kamba, limepauka mpaka halina rangi, nyuzi za mabega zimekatika kwa jua. Lakini kamba yenyewe ilikuwa mpya. Mtu alikuwa amebadilisha kamba bila kuliondoa shati. Wanawake walikuwepo, walipika, waliniamkia. Waliposogea kwenye kiti walikizunguka, kama mtu anavyozunguka miguu ya aliyekaa. Nyua za namna hiyo zilikuwa tisa.

Niliwaona pia nyuki kwenye maua ya maharage, saba kwa jumla. Shamba lolote huwa na hao. Nilikunja kola juu na kuendelea.

Muganga alinipokea kwa furaha ya mtu aliyezungumza peke yake muda mrefu. Chumba cha friji kilikuwa nyuma, na ufunguo hakuwa nao.

“Iko na bibi ya yule mzee wa zamani,” alisema kwa sauti ya chini. “Njo yeye anaandika zile namba. Asubuhi na jioni. Mimi naingia kidogo tu, kuchukua karatasi. Nikisema anipe ufunguo, ananiangalia tu.”

Bibi huyo, yaani mke wa yule aliyekuwa akiiwasha friji, alikuja mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani. Shemeji yake, yule mwenye mtumbwi, alisimama nyuma yake. Alinisalimu kwa heshima, akafungua mlango, akaniambia:

“Papa, unaweza kuangalia. Kufungula, hapana.”

Nilidhani anaogopa nitaharibu. Nimezoea; watu wengi hunichukulia hivyo mara ya kwanza. Nikaingia peke yangu.

Chumba kilikuwa na giza na baridi ya saruji. Friji ilisimama pembeni, nyeupe, safi kuliko kitu chochote kisiwani. Mtu alikuwa akiifuta kila siku. Juu ya mlango wake palikuwa na kipimajoto cha mviringo, ambacho waya wake huingia ndani ili usome bila kufungua. Mshale ulisema thelathini na tano. Ukutani, kwenye msumari, palikuwa na karatasi za miaka yote, moja juu ya nyingine. Niliweka mkono wa kushoto kwenye komeo la friji, kwa mazoea tu, na kwa mkono wa kulia nikaanza kufunua karatasi kurudi nyuma.

Chini kabisa mwandiko ulikuwa mwingine, mzito, wa mwanamume. Tano. Sita. Tano. Halafu mwandiko ule ukakatika katikati ya juma, na siku iliyofuata ukaanza wa buluu. Tisa. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Kwa muda namba zilicheza kama zinavyopaswa: ishirini na mbili, ishirini na nne, ishirini na tatu. Nilifurahi, kama mtu aliyekutana na kanuni yake ugenini. Kisha, mwanzoni mwa mvua za mwaka wa kwanza, asubuhi moja: ishirini na nane. Siku mbili baadaye, thelathini na moja. Thelathini na tatu. Thelathini na tano. Na tangu hapo haikuongezeka wala kupungua.

Mshale uliokwama haupandi kwanza.

Nilikuwa naijua namba ile. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu, katika daftari jekundu, ukurasa wa nne au wa tano: kundi la nyuki hulinda majana yake, wale nyuki wachanga, kwa digrii thelathini na tano, mchana na usiku, masika na kiangazi. Niliisoma ile sentensi kichwani mwangu mpaka mwisho. Ndipo nikaisikia sauti. Ilikuwepo tangu nilipoingia, chini sana, na ilikuwa inapita kwenye chuma cha komeo na kuingia kwenye mkono wangu wa kushoto.

Niliuondoa mkono kidole kimoja kimoja. Kutoka nyuma ya friji, pale bomba la moshi linapotoboa ukuta, nyuki mmoja alitembea akaja juu ya kioo cha kipimajoto, akasimama kwenye namba. Nilirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mwanga wa mlangoni.

Nje niliwaambia kilichomo ndani. Muganga alishika mdomo. Wale wawili hawakushtuka hata kidogo.

“Mlijua,” nilisema.

“Tunajua,” alijibu shemeji. “Kaka alikuwa na mizinga nane kule juu. Bale bengine pia. Hapana muntu anaigusa.”

Alinieleza, akiangalia chini. Kwao, mtu asiyetangazwa kwamba amekufa huhesabiwa yuko njiani. Vitu vyake havigeuzwi: jembe, kiti, shati, mizinga. Akishatangazwa ndipo watu wanalia, wanakaa matanga, ndugu wanarithi. Kabla ya hapo, anayevuna mzinga wake ni kama anayemwibia akiwa hai. Basi kwa miaka miwili hakuna aliyevuna. Mizinga ikajaa, makundi yakagawanyika na kutafuta mahali pengine: mapango ya ukingoni, dari ya kanisa, na bomba la moshi la friji iliyozimwa, na kutoka hapo, kwa tundu la mabomba nyuma, ndani yake. Kwa daftari langu ilikuwa hesabu rahisi. Kwao, nyuki wa mtu walikuwa wamemfuata mahali pake pa kazi.

“Na ile namba?” nilimwuliza yule mama. “Hukuona imekuwa kubwa mno?”

“Niliona. Nikaweka mukono.” Alinyoosha kiganja, kama bado kiko juu ya ule mlango mweupe. “Iko moto kama muntu. Frigo ya bwana yangu, iko moto kama muntu, na weye unaniambia nimulilie?”

Muganga alijaribu. “Mama, batoto banakufa. Iko na surua. Nikipata baridi hapa, nitachanja kila siku.”

“Najua, binti yangu.”

“Basi tutangaze mzee, tutoe nyuki.”

Shemeji alimkatiza. “Si yeye tu. Balikuwa mu boti moja. Ukitangaza mumoja, umetangaza tisa. Mama hawezi kusema hiyo neno kwa bibi nane ya bengine.”

Nikasema basi nitajaribu mwenyewe kuziba bomba na kuitoa friji nje ilivyo, bila kuifungua. Nilisema hivyo kwa sababu ya aibu, na kwa sababu nilikuwa na kikopo mfukoni. Nilikitoa, nikamkabidhi muganga, nikamweleza mahali pa kuchoma nikianguka: paja, upande wa nje, hata juu ya suruali. Mama yule alisikiliza.

“Nyuki moja inaweza kukuua weye?” aliuliza.

“Mmoja.”

“Mwanaume mukubwa hivi!” alisema shemeji, na akacheka kidogo, halafu akaacha, maana wote tulimwona nyuki huyo kwa wakati mmoja. Alikuwa kwenye shati langu, chini ya kola niliyoikunja, akipanda. Nilihisi miguu yake ilipofika kwenye ngozi ya shingo. Sikupumua. Mahali palepale, chini ya sikio, akasimama.

Mama alisogea karibu, uso wake mbele ya wangu, akamchukua kwa vidole viwili kama mtu anayetoa uzi. Alimshika mkononi akizungumza bila kunitazama.

“Uko na bibi?”

“Ndiyo.”

“Anajua leo uko wapi?”

“Anajua. Nilimwachia karatasi.”

“Ukikufa hapa, batakupeleka kwake?”

Nilimtazama shemeji. “Watanipeleka,” nilisema. “Kwa mtumbwi wake uleule.”

“Atakuona na macho yake.”

“Ataniona.”

Alifungua vidole. Nyuki akaruka kurudi nyuma ya nyumba. Mama aliifuta mikono kwenye kitenge, akatembea mpaka kwenye ukingo wa ua, mahali panapotazama nyumba zote na ziwa. Shemeji alisema, “Shemeji, ngoja.” Hakungoja. Aliliita jina la mumewe mara moja, kama anavyoitwa mtu aliye karibu. Kisha, kwa sauti ileile aliyonisalimia nayo, akasema:

“Amekufa.”

Ilikuwa saa sita mchana. Mwanamke wa nyumba iliyofuata alikuwa anatwanga. Mchi ukabaki juu. Halafu akauweka chini kwa uangalifu, akaenda kwenye kile kiti mlangoni, akakilaza ubavu. Ndipo akapiga ukelele. Ulipokelewa na ua wa pili, na wa tatu, ukipanda kilima na kushuka upande tusiouona, na kila ulipofika nilijua kiti kimelazwa. Nilihesabu. Sikutaka, lakini nilihesabu mpaka tisa.

Shemeji alilia akiwa anakusanya majani makavu ya migomba. Aliniambia niende nikakae mtumbwini, mbali na ukingo, muganga pamoja nami. Nilikubali bila ubishi. Kutoka majini tuliona moshi mweupe ukitoka nyuma ya zahanati, kisha kitu cheusi kikipanda juu ya paa, kikinyooka, kikitawanyika, kikijikusanya tena. Kwa yote niliyosoma, kundi la nyuki likifukuzwa hutua kwenye mti wa karibu. Hilo lilipita juu ya miti. Lilipita juu yetu pia, juu sana, na kwa dakika moja maji yalitoa sauti ile niliyoisikia kwenye komeo. Lilikwenda upande wa Bukavu. Sisemi lilifika. Nasema nililitazama mpaka macho yakashindwa.

Muganga alikuwa ameshika kikopo changu muda wote huo, kwa mikono miwili. Kundi lilipopita alinirudishia, nikakifungua ili nihakikishe kichupa hakijavunjika. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimekikagua kila Jumatatu: kipo, hakijapasuka, sindano imefungwa. Nilikikagua daima chumbani, kwenye mwanga wa taa. Sasa nilikiinua juani.

Adrenalini nzima ni kama maji. Ile ilikuwa na rangi ya chai.

“Papa,” muganga alisema polepole, “hii imekufa zamani.”

Joto la mwili wangu lilikuwa limeiharibu, pale kifuani, siku baada ya siku. Ningepima ningepata digrii ngapi? Thelathini na tano, labda. Sikuwa na dawa yoyote wakati nyuki yule aliposimama chini ya sikio langu. Nilikuwa na vidole viwili vya yule mama tu.

Sikumwambia. Alikuwa na msiba wake.

Nilirudi kisiwani baada ya matanga, na kichupa kipya kilichofungwa kwenye karatasi nyeusi, ndani ya chungu cha maji. Masega yalikuwa yametolewa. Shemeji aliniambia yalijaa friji nzima, yamejipanga sawasawa na rafu, na hakuna aliyeyala. Nilisafisha bomba la moshi kwa brashi, nikatoa nta kwa maji ya moto, nikaweka utambi, mafuta niliyokuja nayo, moto. Kabla ya kuondoka niliweka sikio kwenye mlango. Kimya, kama inavyotakiwa.

Mwisho wa mwezi bahasha ikaja Kamembe. Karatasi ya joto ilikuwa imejazwa na muganga, mwandiko wa haraka, wa shule: tano, tano, sita, tano. Chanjo ilikuwa inalala kisiwani. Niliigeuza ili niitie kwenye daftari la kijani. Upande wa pili, katikati, palikuwa na neno moja kwa wino wa buluu, kwa mkono ule uliotulia.

“Baridi.”